Kundi Fulani la Kijamii: Maneno Yaliyoongezwa Mwishoni

 

Leo tunaongea jambo ambalo wengi hulinyamazia, na wanaolitaja mara nyingi hulitaja kwa kupiga kelele. Ni habari ya watu wanaopenda watu wa jinsia yao, wanaume na wanawake, na ya wale ambao namna wanavyoishi hailingani na jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Najua baadhi yenu mmeshanyosha mkono kuzima redio. Wengine mmepunguza sauti, na si kwa chuki, ni kwa sababu jambo lenyewe linawagusa na ukuta wa nyumba yenu ni turubai.

Kwa huyo wa kwanza nasema hivi: sikuombi ubadili imani yako wala mafundisho ya kanisa lako au msikiti wako. Nakuomba usikilize historia ya karatasi inayokulinda wewe mwenyewe usirudishwe ulikotoka. Maana karatasi hiyo ni moja, na wote mmesimama juu yake.

Karatasi hiyo ni Mkataba wa Wakimbizi, uliotiwa saini Geneva tarehe 28 Julai 1951. Wengi wenu mmeusikia kwenye mahojiano, ingawa pengine hamkuelezwa unasema nini. Unasema mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye hofu ya kweli ya kuteswa kwa mojawapo ya sababu tano: rangi au kabila lake, dini yake, uraia wake, kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii, au mawazo yake ya kisiasa. Sababu nne zinaeleweka hata kwa mtoto. Mtutsi, Mhutu, Mnyamulenge, Mhema, Mlendu, Mkristo, Mwislamu, mfuasi wa chama cha upinzani: kila mmoja anajua atajiweka wapi. Lakini hiyo sababu ya nne, kundi fulani la kijamii, ni kundi gani?

Hata waliouandika hawakusema. Rasimu iliyopelekwa kwenye mkutano haikuwa na maneno hayo. Wajumbe wa nchi 26 walipokutana Geneva mwezi Julai 1951, mjumbe wa Sweden ndiye aliyependekeza yaongezwe. Alitoa sababu fupi tu, kwamba uzoefu umeonyesha wako wakimbizi walioteswa kwa kuwa wa makundi fulani ya kijamii. Hakutaja kundi lolote, maneno yakaingia, mkutano ukaendelea na mambo mengine. Mlango ulijengwa hivyo, bila bango la kusema ni wa nani.

Sasa tutazame nani aliachwa nje ya mlango huo mwanzoni. Mkataba ulizaliwa na vita ya pili ya dunia na maovu ya serikali ya Hitler. Wayahudi waliouawa mamilioni wanajulikana. Lakini ndani ya kambi zile za mateso kulikuwa pia na wanaume waliovalishwa pembetatu ya kitambaa cha rangi ya waridi kifuani, ili kila mlinzi na kila mfungwa ajue kwamba hawa wamefungwa kwa kupenda wanaume wenzao. Ujerumani ilikuwa na sheria hiyo tangu 1871, Ibara ya 175. Mwaka 1935 utawala wa Hitler uliikaza, na wanaume wapatao 50,000 wakahukumiwa chini yake. Kati ya 5,000 na 15,000 walipelekwa kambi za mateso, na wengi hawakutoka.

Vita ilipokwisha mwaka 1945 majeshi ya washindi yalifungua milango ya kambi. Wengine wakatoka wakiwa wahanga. Wenye pembetatu ya waridi walitoka wakiwa bado wahalifu, kwa sababu Ujerumani Magharibi iliiacha Ibara ya 175 kama ilivyokazwa na Hitler, nukta kwa nukta, mpaka 1969. Mwaka 1957 mahakama ya katiba ya nchi hiyo iliulizwa kama sheria hiyo ni halali, ikajibu kwamba ni halali. Katika miaka hiyo 20 wanaume wengine wapatao 50,000 walihukumiwa. Fikiri basi: siku ile wajumbe wanatia saini Geneva ili mambo ya Hitler yasirudi, upande wa pili wa mpaka watu walikuwa gerezani kwa sheria iliyokazwa na Hitler. Ibara hiyo ilifutwa kabisa 1994. Hukumu za wakati wa Hitler zilifutwa na bunge mwaka 2002, na zile za baada ya vita mwaka 2017, wakati wengi wa waliofungwa walikuwa wamekwisha zikwa.

Naieleza habari hii kwa urefu kwa sababu ninyi mnaijua hali hiyo kuliko watu wengi. Mtu anaweza kuwa ameteswa kweli, alama anazo mwilini, na bado mwenye kalamu akasema mateso yako hayamo katika orodha.

Tuje kwetu. Mkongomani akivuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi au Uvira hadi Kigoma anavuka pia mpaka wa sheria, na wengi hawaujui. Sheria ya Kongo haikuwahi kuandika kifungu kinachotaja kosa la watu wazima wa jinsia moja wanaoishi kwa hiari yao. Rwanda vivyo hivyo. Sababu yake haihusiani na upole wa Mbelgiji, maana mkoloni huyo tunamfahamu. Ni kwamba Ufaransa ilifuta kosa hilo katika sheria zake mwaka 1791, wakati wa mapinduzi, na Ubelgiji ikafuata mkondo wa sheria za Kifaransa, kisha ikauleta mkondo huo Kongo, Rwanda na Burundi.

Mwingereza alileta kitu kingine. Mwaka 1860 aliiandikia India kanuni ya adhabu, na ndani yake kifungu cha 377, kinachoadhibu tendo la ndoa lililo kinyume cha utaratibu wa maumbile. Kanuni hiyo ya Kihindi ndiyo iliyotumika kwanza Afrika Mashariki, kisha mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zikapewa kanuni zao zenye maneno yaleyale. Kwa hiyo ukisikia mtu kwenye baraza anasema "kinyume na maumbile" kwa sauti nzito kama anayenukuu wazee wa ukoo, kumbuka kwamba anatafsiri karatasi ya Mwingereza.

Sisemi kwamba kabla ya Mwingereza kila mtu alikuwa huru. Mila zetu ni nyingi na zilitofautiana, nyingine kali, nyingine zenye kufumba macho. Lakini watu hawa walikuwepo, lugha inashuhudia. Neno hanithi na neno huntha tumeyapata kwa Kiarabu zamani, na vitabu vya fikihi vina milango ya kueleza huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ya kike na ya kiume, atarithi kiasi gani. Hakuna anayekaa kuandika hukumu ya mirathi ya mtu asiyekuwepo. Shoga nalo, ambalo leo hutupwa kama jiwe, pwani ni jina ambalo mwanamke humwita rafiki yake wa kike, na hadi leo utalisikia Tanga na Mombasa bila ubaya wowote.

Waingereza wenyewe waliiacha sheria yao England na Wales mwaka 1967. India ambako kifungu kilizaliwa, Mahakama Kuu ya juu kabisa ilisema tarehe 6 Septemba 2018 kwamba hakiwahusu tena watu wazima wanaokubaliana. Msumbiji iliachana na sheria yake ya kikoloni mwaka 2015. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Tanzania iliongeza adhabu mwaka 1998, na leo kifungu cha 154 kinataja kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Kenya, kifungu cha 162 kinasema miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Burundi, ambayo haikurithi sheria hiyo kwa Mbelgiji, ilijiandikia yake Aprili 2009: miezi 3 hadi miaka 2. Baraza la seneti lilikuwa limeikataa, lakini bunge likaipitisha. Desemba 2023 rais wa nchi hiyo alisema hadharani kwamba watu hao wapelekwe uwanjani wapigwe mawe. Na Uganda mnaijua. Mwaka 2014 sheria ilitiwa saini, mahakama ikaibatilisha Agosti mwaka huohuo kwa kuwa wabunge hawakutimia siku ya kura. Mei 2023 ikaja nyingine, yenye adhabu ya kifo kwa makosa inayoyaita makubwa. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha isimame, ila iliondoa vifungu kadhaa. Mojawapo ya vilivyoondolewa ni kile kilichomlazimisha mtu kuwaripoti wengine. Ninyi mlio Nakivale na Kyangwali, lisikieni vizuri hilo: kifungu cha kukulazimisha umripoti jirani kilifutwa na mahakama.

Hapo ndipo historia ya Geneva inapokutana na ya kwetu. Mtu akikimbia sheria ya namna hiyo, au akikimbia kaka zake waliokwisha noa panga, je, yumo katika orodha ya sababu tano?

Kwa miaka 30 hakuna aliyejibu ndiyo. Uholanzi ilikuwa ya kwanza, mwaka 1981, kukubali kwamba mateso ya aina hii yaweza kuingia katika lile neno la Sweden. Kesi iliyofungua njia Marekani ni ya Mkuba mmoja. Kwao, serikali ilikuwa imefungua jalada lenye jina lake kama mpenda wanaume. Kila baada ya miezi miwili au mitatu aliitwa aripoti, akaguliwe, aulizwe maswali, na mara nyingine alale mahabusu siku tatu au nne bila kosa lolote. Mwaka 1980 aliambiwa achague, gereza miaka 4 au kuondoka nchini kwa mashua. Akachagua mashua. Siku ya kuondoka, majirani zake walimrushia mayai na nyanya.

Majirani, ndugu msikilizaji. Hawakuwa askari hao.

Serikali ya Marekani ilipinga, ikasema watu hawa si kundi, ni wavunja sheria tu. Mwaka 1990 bodi ya rufaa ya uhamiaji iliukataa upinzani huo: mtu huyu hakuteswa kwa tendo fulani alilofumaniwa nalo, aliteswa kwa vile alivyo. Mwaka 1994 mwanasheria mkuu wa nchi hiyo aliagiza uamuzi huo ufuatwe katika kesi zote. Na msidhani Marekani ilikuwa imenyooka. Hadi 1990 sheria yake yenyewe ilikuwa inawazuia watu kama yeye kuingia nchini, ikiwahesabu kama wagonjwa wa akili.

Baada ya hapo likazuka swali jingine, na hili ndilo ambalo mpaka leo linawaangusha watu kwenye mahojiano. Afisa anasema: sawa, nakubali wewe uko hivyo, lakini kwa nini usirudi kwenu ukajificha? Oa, nyamaza, nani atajua? Kwa miaka mingi jibu hilo lilitolewa London, Sydney na kwingine, na mahakama zikalikubali. Australia ililikataa kwanza, Desemba 2003, katika kesi ya wanaume wawili wa Bangladesh. Uingereza ilifuata tarehe 7 Julai 2010. Walioshtaki walikuwa wawili, mmoja wa Iran, mwingine wa Kameruni. Yule wa Kameruni jirani alimwona akimbusu mwenzake bustanini, na kundi la watu likampiga. Majaji watano wote wakasema kwa sauti moja kwamba mtu aliyelazimika kujificha maisha yake yote kwa kuogopa kuuawa, kule kujificha kwenyewe ni ushahidi wa mateso. Jaji mmoja alimkumbuka Anne Frank, binti wa Kiyahudi aliyejificha Amsterdam zaidi ya miaka miwili nyuma ya kabati la vitabu kabla ya kukamatwa, akafia kambini. Je, angeambiwa arudi Uholanzi ya Hitler kwa sababu ana dari nzuri ya kujifichia?

Wewe uliyeacha Kivu kwa sababu ya kabila lako, jiulize kama ungekubali kuambiwa urudi, ubadili jina na lafudhi, usitamke jina la baba yako. Au wewe uliyekimbia Bujumbura mwaka 2015 kwa ajili ya siasa, uambiwe tu: rudi, usiongee tena. Kanuni iliyopatikana kwa kesi ya yule wa Kameruni inakulinda nawe. Mahakama ya Ulaya mwaka uliotangulia kuingia 2013 ilikuwa imesema jambo kama hilo kuhusu dini, kwamba muumini hatakiwi kuficha sala yake ili asalimike. Imekuwa kamba moja, na ukiikata upande wa mwenzako hujui itafunguka mpaka wapi.

Tuje kwenye mahojiano yenyewe, maana hapa ndipo maswali yanapokuwa mengi. Mtu anathibitishaje jambo kama hili? Zamani kidogo kulikuwa na aibu kubwa. Jamhuri ya Cheki iliwapima watu kwa mashine iliyofungwa sehemu za siri huku wakionyeshwa picha. Maafisa wengine waliuliza maswali ya chumbani ambayo hata daktari haulizi. Wengine walitazama mavazi na mwendo, kana kwamba kila mwanamume wa namna hiyo hutembea kwa madaha. Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipiga marufuku vipimo hivyo, picha na video za faragha, na maswali ya undani wa tendo la ndoa. Ilisema pia kwamba mtu asihesabiwe mwongo kwa sababu tu hakulitaja jambo hili katika mahojiano ya kwanza. UNHCR ilikuwa imeshatoa mwongozo wake Oktoba 2012, Mwongozo namba 9, na huo unatumika hata huku kwetu katika kazi ya shirika hilo. Unasema msingi wa ushahidi ni maelezo ya mtu mwenyewe kuhusu maisha yake: alijitambuaje, aliishije na siri hiyo, nani alijua, nini kilitokea walipojua. Kuwa umeoa au umeolewa, au kuwa una watoto, hakukuondolei haki ya kusikilizwa. Wangapi waliozwa kwa nguvu ili "wapone"?

Nizungumzie mkalimani kidogo, maana mtu huyu husahauliwa na ndiye anayeshika maisha yako mdomoni mwake. Mara nyingi mkalimani ni wa jamii yako. Anatoka kwenye bloku ya jirani, mke wake anateka maji na mama yako. Unajua ukisema neno, jioni huenda limefika kwenu. Kisheria na kwa kanuni za kazi yake mkalimani amefungwa kutunza siri. Lakini nawe una haki ya kuomba mwingine, wa jinsia nyingine au wa jamii nyingine, na hulazimiki kueleza kwa nini mbele yake. Sema tu: "Naomba mkalimani mwingine." Na mkalimani unayesoma hapa, jichunge na maneno. Afisa akisema mtu anayependa wa jinsia yake, usimtafsirie kwa tusi la mtaani. Mtu akisikia tusi katika kinywa cha ofisi, atanyamaza, na kunyamaza huko kutaandikwa kwamba hakuwa na la kusema.

Sasa tahadhari, na hii naisema polepole. Kenya, Uganda na Tanzania, uamuzi wa hadhi ya ukimbizi uko mikononi mwa serikali, na serikali hizo zina sheria nilizozitaja. Kwa hiyo usikurupuke kumweleza kila mwenye kitambulisho shingoni. Kama umetambuliwa kuwa mkimbizi kwa sababu ya vita, pamoja na watu wote wa kwenu, hulazimiki kusema lolote kuhusu jambo hili. Kama una hatari, omba kuonana faragha na afisa wa ulinzi wa UNHCR, na useme kwamba ni suala la usalama. Hiyo inatosha kwenye foleni, mengine utayasema mlango ukifungwa.

Kuna uvumi pia unaotembea kwenye bomba la maji kwamba ukisema wewe ni shoga wiki ijayo unapanda ndege kwenda Canada. Uvumi huu umeumiza watu wa pande mbili. Ni kweli kwamba Waganda waliokimbilia Kenya baada ya sheria ya 2014, baadhi yao kesi zao zilishughulikiwa haraka mwanzoni. Halafu mwendo ukapungua, na waliofuata wamekaa Kakuma na Nairobi kwa miaka. Januari 2025 Marekani, iliyokuwa ikipokea wengi kuliko nchi nyingine, ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi. Anayejiandikisha kwa jambo asilo nalo akitafuta ndege atajikuta hana ndege, na amebaki na jina hilo kambini. Na yule mwenye hatari ya kweli ataulizwa maswali makali zaidi kwa sababu ya uongo wa mwenzake.

Je, hatari hiyo ya kweli ni ipi? Machi 2021, Kakuma, watu wa kundi hili walishambuliwa kwa moto wa petroli wakiwa wamelala. Wawili waliungua vibaya, na mmoja wao alifariki Aprili. Mei 2023 Amnesty International pamoja na shirika moja la Kenya walitoa ripoti kuhusu wakimbizi hawa wa Kakuma: vipigo, ubakaji, makao kuchomwa, na polisi kutochukua hatua. Wote walikuwa na kadi kama yako na mgao kama wako.

Watu wa sinema nao waliligusa jambo hili. Mwaka 2018 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa filamu iitwayo Rafiki, kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana huku baba zao wakigombania kiti kimoja cha siasa. Imetokana na hadithi ya Mganda, Monica Arac de Nyeko, aliyeshinda tuzo ya Caine mwaka 2007. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa Cannes, Ufaransa, na bodi ya filamu ikaipiga marufuku nyumbani. Mahakama iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu, Septemba 2018, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mwaka uliofuata mmoja wa wasichana hao wawili alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la FESPACO, Ouagadougou. Mimi naona jina lake limechaguliwa vizuri, maana ndivyo watu hao wanavyotambulishana mbele za watu: huyu ni rafiki yangu.

Kiongozi wa bloku, mchungaji, imamu, mama mkubwa wa zoni, kuna maswali yatakayofika mlangoni kwako. Mzazi atakuja kusema mtoto wake wa miaka 16 ana tabia hii na vijana wanataka kumfundisha adabu. Huwezi kubadilisha sheria ya nchi, na hakuna anayekuomba ubariki usichokiamini. Lakini kumpiga mtu ni kosa, kumbaka msichana "ili apende wanaume" ni ubakaji, kuchoma nyumba ni kosa, na sheria zote tatu za nchi hizi zinasema hivyo bila kuuliza aliyepigwa alikuwa nani. Mtoto wa miaka 16 ni mtoto. Kuna ofisi ya ulinzi wa watoto, na huko ndiko pa kumpeleka usiku huohuo, kabla vijana hawajakusanyika. Ukingoja asubuhi umechelewa.

Na wewe unayetishwa: mtu aliyekujua siri anadai nusu ya mafuta na unga wako kila mwisho wa mwezi, au anakudai mwili wako, la sivyo atakutangaza. Huko ni kudai mali kwa vitisho, na ni kosa la jinai Kenya, Uganda na Tanzania. Andika tarehe na alichodai, tunza ujumbe wa simu kama upo, na usiende kukutana naye peke yako. Kuripoti kuna hatari yake, silifichi hilo. Ndiyo maana nasema anza na afisa wa ulinzi, au muuguzi unayemwamini kliniki, na mwende pamoja. Kliniki inatakiwa kukutibu na kutunza siri yako, iwe ni kidonda cha kipigo au dawa za virusi vya Ukimwi. Usiache dozi kwa aibu.

Wengi mtatuandikia kutupinga, na barua hizo tutazipokea kama tunavyopokea zote. Sanduku letu liko palepale kwenye kituo cha habari, na si lazima utie jina. Kipindi kijacho tutaongea juu ya vyeti vya kuzaliwa kwa watoto waliozaliwa kambini, na nini cha kufanya kama jina la baba liliandikwa vibaya. Kwaherini.